Filta ya mafuta: tabia tuliyoirithi

Wadau, wazee bado wanaisifia Peugeot 504, iliyoanza kuuzwa 1968 na kushinda Safari Rally 1975 na 1978. Sawa, ila gari ya kabureta ilivumilia mengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita ya Kagera, mafuta yalikuwa adimu. Ukipata ya kwenye pipa lenye kutu, unashukuru. Gari ikizima, fundi anapuliza filta kwa mdomo, mnaendelea.

Tabia hiyo tumeihamishia kwenye gari za nozeli, tena kuukuu, tangi limeshika kutu. Humu pampu ya umeme husukuma mafuta kwa presha kubwa. Filta ikiziba bila kubadilishwa, pampu huchoka mpaka inakufa, na gari hukosa nguvu kwenye mlima. Sasa mlima wenyewe uwe Kitonga, na nyuma yako kuna lori la kontena!