Kuchuja Njia: Asili ya Jambo na Utafutaji wa Istilahi Yake

Miongoni mwa maneno yaliyoletwa mezani petu na mafundi wa mitandao ya kompyuta, hakuna lililotushughulisha kama kitenzi "kuchuja". Kwa mtazamo wa kwanza neno hili halina utata. Kila mpishi anajua chujio la tui na chujio la chai, na hakuna haja ya kuliundia mbadala. Lakini tulipowauliza mafundi hao wanachuja nini, tulipata majibu mawili yasiyolingana: wengine walisema wanachuja data zinazopita, na wengine walisema wanachuja njia. Haya si jambo moja. Kwa kuwa lugha inayoyachanganya humpotosha mwanafunzi, na yaweza kumpotosha hata mtoa amri, tumeona yafaa tueleze historia ya jambo lenyewe kabla ya kutoa pendekezo letu.

Intaneti si mtandao mmoja, bali ni muungano wa makumi ya maelfu ya mitandao inayojitawala, kila mmoja ukiwa na nambari yake na sera yake. Ruta iliyo mpakani mwa mtandao haiijui dunia nzima. Inajua yale tu iliyoarifiwa na majirani zake. Jirani husema: "Anwani kadha wa kadha zafikika kwa kupitia kwangu." Anayepokea arifa hiyo aweza kuiamini na kuiandika katika jedwali lake, aweza kumpasha jirani mwingine, na aweza pia kuikataa. Huko kukubali na kukataa ndiko kuchuja njia. Yafaa msomaji azingatie kwamba arifa na data huenda pande mbili zilizo kinyume: mtandao wa Mombasa ukiarifu kuwa anwani fulani zafikika kwake, arifa hutoka Mombasa, ilhali data huelekea Mombasa. Kwa hiyo anayechuja arifa hagusi data hata kidogo, ila huamua data zake zitapita wapi, au kwamba hazitapata pa kupita.

Hapo mwanzo hapakuwa na haja kubwa ya mchujo. Itifaki ya kwanza ya kupashana habari za njia baina ya mitandao inayojitawala ilielezwa mwaka 1982, nayo ilijengwa juu ya dhana ya mti: shina moja katikati, na matawi yanayolitegemea. Tawi halikuwa na la kuchagua. Mambo yalibadilika pale Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani lilipojenga mtandao wake mkuu katika miaka ya 1980. Mtandao huo uligharimiwa na serikali kwa ajili ya utafiti na elimu, na matumizi ya kibiashara hayakuruhusiwa kupita humo. Tangu mwaka 1988 uliendeshwa na taasisi ya Merit ya Michigan, ikishirikiana na IBM na MCI. Merit waliweka daftari la sera: mtandao ambao haukuandikishwa humo, arifa zake hazikupokelewa. Hilo, kwa maoni yetu, ndilo chujio la kwanza la njia lililostahili jina hilo, na tunaona linafanana zaidi na bawabu mwenye orodha ya wageni kuliko kifumbu cha nazi.

Januari 1989, katika mkutano wa wahandisi uliofanyika Austin, Texas, Kirk Lougheed wa Cisco na Yakov Rekhter wa IBM waliandika mezani, juu ya karatasi za kufutia mikono, muhtasari wa itifaki mpya ya mipakani. Ilichapishwa mwezi Juni mwaka huohuo. Jipya lake lilikuwa kwamba kila arifa hubeba orodha ya mitandao yote iliyopitia. Mtandao ukiona nambari yake wenyewe ndani ya orodha, huikataa arifa hiyo, maana njia yake ni ya kuzunguka. Lakini orodha hiyo ilileta faida nyingine iliyo kubwa zaidi: mtu sasa aliweza kuihukumu njia kwa kuangalia imepita kwa nani. Toleo la nne la itifaki hiyo, lililotolewa katika miaka ya 1994 na 1995 na kuandikwa upya mwaka 2006, ndilo linalotumika hata leo.

Tarehe 30 Aprili 1995 mtandao mkuu wa serikali ya Marekani ulifungwa, na biashara ikashika usukani. Hapo sera za njia zikawa sera za fedha. Mtandao humwarifu kila jirani njia za wateja wake, kwa sababu mteja analipa. Lakini njia alizopewa na mwenzi wa kubadilishana naye bure, au na mchukuzi anayemlipa yeye, huwaarifu wateja wake tu. Asipofanya hivyo atajikuta anabeba mizigo ya wengine pasipo ujira. (Wapo waliotaka "mwenzi" liwe "rika". Tulilikataa, maana rika ni la umri, na mtandao mchanga waweza kubadilishana na mkongwe.) Kanuni hizi zilitufikia sisi wa Afrika Mashariki pia. Kituo cha kubadilishana data kilichoanzishwa Nairobi mwaka 2000, kikafungwa na mdhibiti, kisha kikafunguliwa tena mwaka 2002, kilikusudiwa kuwaepusha majirani wa mji mmoja na safari ya kupitia ng'ambo. Na kila anayejiunga na kituo cha namna hiyo hana budi kuamua ataamini arifa zipi.

Kukosekana kwa uamuzi huo kumeleta hasara zinazojulikana. Mwezi Aprili 1997 mtandao mdogo wa Marekani ulijitangaza kwa makosa kuwa ndio mwisho wa safari wa sehemu kubwa ya anwani za dunia, na data zikamiminika huko zisitoke. Lakini kisa kinachotuhusu sisi wa istilahi ni cha tarehe 24 Februari 2008. Serikali ya Pakistan iliamuru YouTube izuiwe nchini humo. Pakistan Telecom haikuzichuja data, ilitunga njia. Katika fungu la anwani 1,024 za YouTube, iliunda njia ya anwani 256 iliyoelekea pasipo na kitu. Njia hiyo ilikusudiwa kubaki nyumbani, lakini saa 3:47 usiku kwa saa za Afrika Mashariki arifa yake ilimfikia mchukuzi wa nje, PCCW, naye hakuwa na chujio la kuikataa. Kwa kuwa ruta hupendelea daima fungu dogo kuliko kubwa, karibu dunia nzima iliifuata. YouTube walijibu kwa kuarifu fungu dogo kama hilo, kisha mafungu madogo zaidi. PCCW waliziondoa arifa hizo saa 6:01 usiku.

Tazama jinsi neno moja lingeweza kusimulia kisa hiki vibaya. Tukisema "Pakistan ilichuja na PCCW haikuchuja", tumetumia kitenzi kimoja kwa matendo mawili yasiyo na undugu: la kwanza ni kumnyima raia habari, la pili ni kukataa uongo wa jirani. Aliyelizoea neno hili kwa maana ya kwanza atadhani kwamba chujio ndilo lililoleta balaa, ilhali balaa ililetwa na kutokuwapo kwake.

Tangu hapo wahandisi wameongeza ulinzi. Kanuni za vyeti vinavyothibitisha ni mtandao upi wenye haki ya kuarifu anwani zipi zilikamilishwa katika miaka ya 2012 na 2013. Mwaka 2017 iliamuliwa kwamba ruta ya mpakani isiyopewa sera yoyote isipokee wala kutoa njia yoyote. Uamuzi huu unabadilisha hata sarufi ya jambo: zamani ukimya ulikuwa ni kukubali, sasa ukimya ni kukataa.

Pendekezo letu basi ni kwamba "kuchuja njia" kuhusishwe na arifa peke yake, na daima kuandikwe kwa maneno mawili. "Kuzuia data" kubaki kwa kile kingine. "Arifa" tumelipendelea kuliko "tangazo" na "mbiu", kwa kuwa mbiu husikiwa na mji mzima kwa mara moja, ilhali habari ya njia hupokezanwa jirani kwa jirani. Njia iliyotoka pasipopaswa tutasema "imevuja", na kufanana kwa sauti baina ya kuvuja na kuchuja hakutusumbui. Kwa ruta, wapo wanaosema "kipanganjia". Wengine hulicheka, wakikumbuka kipanga mla vifaranga. Lililobaki bila kuafikiwa ni jina la zile tarakimu za mwanzo zinazotambulisha fungu la anwani. Walimu wa sarufi hawataki tuwanyang'anye "kiambishi awali", na mafundi wanaona "kitangulizi" ni refu mno. Wasomaji wenye neno la tatu tunawaomba walilete.