Fezanti, Mgeni Aliyetagia Kiota cha Mwenyeji

Mwaka 1882 Owen Denny, balozi mdogo mkuu wa Marekani mjini Shanghai, alifanikiwa kuwafikisha Oregon fezanti wa Kichina, baada ya shehena ya kwanza kufia safarini karibu yote. Ndege hao wa jamii ya kuku walizaana kwa kasi, na miaka 10 baadaye wawindaji wakaruhusiwa kuwapiga risasi. Majimbo mengine nayo yakawataka.

Illinois ndiko mgeni alikogongana na mwenyeji.

Kuku wa nyika, ambaye dume lake hutunisha vifuko vya rangi ya chungwa shingoni na kuvuma alfajiri, alikuwa amekwisha kunyang'anywa makao na plau; fezanti asisingiziwe kosa hilo. Lakini katika Wilaya ya Jasper alizidisha msiba. Madume wake waliwafukuza wenyeji kwenye viwanja vyao vya kutafutia wachumba. Majike walitaga katika viota visivyo vyao. Mayai ya fezanti yakaanguliwa mapema, na mama akaondoka na vifaranga wa kambo, akiyaacha yake yapoe.

Kufikia 1994 jimbo zima lilibakiwa na kuku wa nyika wasiozidi 50. Wahifadhi waliongeza wengine kutoka Minnesota, Kansas na Nebraska, huku wakiwaondoa fezanti hifadhini.