Ukuta Mrefu Humsitiri Mwizi: Namna ya Kujenga, Kuwasha Taa na Kupanda Miti Ili Biashara Iwe Salama

Jioni ikishaingia, maduka mengi ya mitaani kwetu hugeuka vizimba. Muuzaji yu nyuma ya nondo, mteja anapitisha noti kwenye kitundu, dirisha limezibwa kwa mabango ya soda, na ukuta wa ua umepandishwa mpaka jirani hajui kama ndani kuna mtu au hamna. Sababu sote twaijua. Kisauni, Likoni na sehemu nyingine za Pwani zimepitia misimu ya magenge ya vijana wenye mapanga, na mwenye duka aliyevamiwa mara moja hangoji kushauriwa. Kesho yake humwita fundi wa kuchomelea. Simlaumu. Ila naona tunatoa pesa nyingi kununua kinga ambayo mara nyingi humsitiri mwizi kuliko mwenye mali. Ukuta unaokuficha wewe, mwizi akishauruka humficha yeye.

Kuna elimu nzima inayoshughulikia jambo hili. Kwa Kiswahili twaweza kuiita kuzuia uhalifu kwa usanifu wa mazingira, yaani kupanga jengo, taa, miti, njia na ua kwa namna ambayo mwizi akipita akichunguza, ataona hapamfai. Haihitaji silaha wala mitambo ya bei ghali. Hatua zake nyingi ni za panga la kukatia matawi, ndoo ya rangi na taa mbili tatu. Makala haya ni ya mwenye duka, wakala wa M-Pesa, mwenye mkahawa, duka la dawa au nyumba ya wageni, ajue aanzie wapi.

Fikra hii ilitoka wapi

Mwaka 1961 Jane Jacobs, mwandishi aliyekuwa akiishi New York, alieleza kwamba amani ya barabara hailindwi kwanza na polisi bali na macho ya watu wa kawaida: muuza duka, anayechungulia dirishani, anayepita akienda zake. Mwaka 1971 mtaalamu wa elimu ya uhalifu C. Ray Jeffery akachapisha kitabu kilichoipa elimu hii jina lake. Mwaka uliofuata, msanifu majengo Oscar Newman alilinganisha mitaa ya nyumba za umma huko New York. Aliona kwamba maghorofa marefu, yenye korido na ngazi zisizo na mwenyewe, yalikuwa na uhalifu mwingi kuliko majengo mafupi ambayo wakaazi waliyahesabu kuwa yao.

Mpwani akiyasikia haya hashangai sana. Tazama nyumba ya mawe ya Lamu. Mgeni hafiki ndani kwa hatua moja. Kwanza kuna daka, pale mlangoni penye mabaraza ya mawe pande mbili, ambapo ni nusu njia na nusu nyumba. Kisha tekani, kisha kiwanda, kisha misana, ndipo ndani. Kila hatua humwambia mtu kwamba ameacha mahali pa wote na anaingia kwa wenyewe. Wazee walijenga hivyo kwa ajili ya stara na ukarimu, wala hawakuwa wakiwawaza wezi peke yao. Lakini matokeo yake ni kwamba asiye na shughuli hapo hujulikana kabla hajagusa komeo. Na walioketi barazani wakicheza bao huona nani kapita, kabeba nini na karudi saa ngapi.

Nguzo nne

Wataalamu hutaja nguzo nne. Ya kwanza ni kuonekana: kila anayekaribia biashara aonwe bila taabu. Ya pili ni kudhibiti njia: pa kuingilia na kutokea pawe pachache na pajulikane. Ya tatu ni mipaka: ijulikane wazi barabara inaishia wapi na mahali pako panaanzia wapi, hata kama ni kwa ngazi moja, kigae cha rangi nyingine au safu ya maua. Ya nne ni matunzo: palipotunzwa huonyesha kuwa pana mwenyewe.

Nguzo hizi zimejengwa juu ya ukweli mmoja: mwizi naye hupiga hesabu. Hujiuliza nani ataniona, nitaingilia wapi, nitatokea wapi na nitapata nini. Kazi yako ni kuiharibu hesabu hiyo.

Mbele ya duka

Anza na dirisha. Miongozo mingi husema matangazo yasizibe zaidi ya asilimia 15 ya kioo. Mji wa Gainesville, katika jimbo la Florida, Marekani, ulipitisha kanuni mwaka 1986 kwa ajili ya maduka madogo yaliyokuwa yakiibiwa sana. Kanuni zilitaka madirisha yawe wazi, mahali pa kulipia paonekane kutoka barabarani, pesa kidogo tu zibaki kwenye droo, na uwanja wa magari uwe na mwanga. Baadaye jimbo lote likatunga sheria ya namna hiyo.

Duka letu la mtaani aghalabu halina kioo, lina wavu. Kanuni ni ile ile. Usining'inize pakiti za krisps, sabuni na mikate mpaka uso wa muuzaji usionekane. Acha nafasi wazi kwenye usawa wa macho. Ukiweza, inua sakafu ya nyuma ya kaunta kwa ngazi moja, ili muuzaji aone juu ya vichwa vya wateja na barabara aione pia.

Wakala wa M-Pesa ana shida yake: mteja anataka faragha ya namba yake ya siri, na wakala anataka kuonekana. Suluhisho ni kuweka kibao cha pembeni ambapo mteja huinamia simu yake, huku wakala akikaa akitazama nje. Droo ya pesa isionekane inapofunguliwa, na noti kubwa ziingie kwenye kasha lililofungwa kwa bolti sakafuni, lenye tundu la kutumbukizia, ambalo muuzaji wa zamu hana ufunguo wake. Bandika tangazo kusema hivyo. Mwizi akijua hakuna cha kuchukua, nusu ya hesabu yake imekwisha.

Taa

Sote twazijua zile taa za mulika mwizi zilizosimamishwa kwenye nguzo ndefu. Zinasaidia mtaa, lakini duka lahitaji mwanga wa chini pia. Taa moja kali iliyofungwa juu ya mlango ikielekea barabarani humpofusha mpita njia na kuacha kiza kinene pembeni, na hapo ndipo mtu hujibanza. Bora taa kadhaa za wastani, zenye kofia, zikielekezwa chini, kila moja ikifikia mwanzo wa mwanga wa mwenzake. Kipimo chake ni rahisi: je, waweza kuutambua uso wa mtu anayekuja kabla hajakufikia? Weka angalau taa moja ya sola, maana stima ikikatika ndipo taa inapohitajika.

Hili si la kukisia. Mwaka 2016 minara ya taa iliwekwa katika baadhi ya mitaa ya nyumba za umma za New York iliyochaguliwa kwa kura, na watafiti wakakadiria kuwa makosa makubwa ya usiku nje ya majengo yalipungua kwa takriban asilimia 36.

Miti, ua na nyuma ya jengo

Hakuna haja ya kukata kivuli. Kwenye joto letu, kivuli ndicho huleta wateja, na wateja ndio macho. Shika vipimo viwili: vichaka visipite urefu wa goti au kiuno, yaani kati ya sentimita 60 na 90, na matawi ya miti yasishuke chini ya mita 2. Katikati hapo jicho lipite. Mnazi kwa hilo umeumbwa tayari, shina tupu na kivuli juu. Angusha tu nazi kabla hazijawaangukia watu. Mkungu hutandaza matawi chini, basi upogolewe kila mwaka, na tawi lisifike kwenye paa likawa ngazi. Chini ya dirisha la pembeni panda bogamvilia yenye miiba, uikate fupi. Mnyaa ni ua wa asili mzuri, lakini utomvu wake hudhuru macho, kwa hiyo usiupande wanapocheza watoto.

Kuhusu ukuta, ua wa vyuma au wavu unaopitisha macho ni bora kuliko ukuta mzima, hasa upande wa barabara. Kama lazima ujenge ukuta, acha sehemu ya juu iwe ya vyuma.

Kisha zunguka nyuma. Maduka mengi hulindwa mbele na kuachwa wazi nyuma. Ondoa kreti zilizopangwa ukutani, mapipa na mbao, kwani hizo ni ngazi za bure. Kichochoro kati ya majengo mawili kisichotumiwa na mtu wekeni lango la vyuma, kila mwenye mlango apewe ufunguo. Paa la makuti au la mabati mepesi litiwe wavu wa chuma kwa ndani.

Matunzo

Taa iliyokufa mwezi mzima, taka kwenye pembe, ukuta wenye maandishi: vyote husema hapana mwenyewe. Wataalamu hubishana ni kwa kiasi gani uchafu huzaa uhalifu, lakini kwamba watu hukikimbia kiza na uvundo hakuna abishaye, na watu wakikimbia macho yameondoka. Tazameni ufuo wa Mama Ngina, Mombasa, uliofanyiwa ukarabati na kufunguliwa 2019. Njia za miguu, viti na taa zipo, na jioni familia huja kwa upepo, muhogo na madafu. Muuza madafu aliye na sehemu yake maalumu huona mengi.

Mipaka ya elimu hii

Kuna mambo manne ya kuangalia. Kwanza, moto. Nondo za kudumu kwenye kila dirisha zimegeuza nyumba nyingi kuwa mitego. Acha angalau dirisha moja linalofunguka kwa ndani, na ufunguo ujulikane ulipo. Pili, sheria. Mji wa Kale wa Mombasa na mji wa Lamu ni urithi unaolindwa. Kabla hujagusa mlango, baraza au dirisha, pata idhini ya Makavazi ya Taifa na ya kaunti. Na ukifunga kamera zinazomulika barabara, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yataka watu wajulishwe kuwa wanarekodiwa.

Tatu, usigeuze elimu hii kuwa fimbo ya kuwapigia vijana. Nimeona mabaraza yakivunjwa au kutiwa vyuma vyenye ncha ili "wahuni" wasikae. Ukiliondoa baraza huondoi uhalifu, waondoa mashahidi. Kijana anayeketi mbele ya duka lako, akakujua kwa jina nawe ukamjua yeye na mamake, ni mlinzi asiyelipwa.

Nne, tusijidanganye. Genge la vijana kumi wenye mapanga halizuiwi na bogamvilia. Hilo ni la polisi, la wazazi, la ajira na la uongozi. Lakini wizi wa kila siku, wa kuvunja paa usiku, kunyakua simu na kuvizia wakala anayefunga, huo hutegemea sana nafasi, na nafasi twaweza kuipunguza wenyewe.

Basi leo saa mbili usiku, vuka barabara usimame mkabala na duka lako pamoja na jirani yako wa biashara. Ulizaneni mtu aweza kujificha wapi, taa ipi imekufa, tawi lipi limeshuka, na kama muuzaji anaonekana. Andikeni, mgawane gharama, na mwanze na kile cha bei nafuu zaidi. Duka moja likiwa na taa na mengine kumi gizani, mwizi ana pa kwenda; mtaa mzima ukiwa na mwanga, itambidi atafute kazi nyingine.