Ubao wa Ndosho ulilipwa na nani?

Wiki hii siandiki habari ya usalama. Naandika habari ya ubao.

Nilisimama nje ya darasa la saba, kwenye shule moja ya mbao hapa kwetu. Ilikuwa saa ya somo la TIC, maana yake teknolojia ya habari na mawasiliano. Mwalimu alikuwa amechora kompyuta kwa chaki. Alichora kioo, akachora na vibonyezo vyake, herufi kwa herufi, A, Z, E, R, T, Y, kisha akaita mtoto aje kubonyeza herufi za jina lake. Mtoto akabonyeza ubao, kidole kikatoka cheupe. Darasa lote likacheka, na mwalimu naye akacheka, kwa sababu angefanya nini?

Somo lile mwalimu hakulibuni. Liko katika programu ya taifa. Tangu mwaka wa masomo 2018-2019, darasa la saba na la nane wanafuata programu mpya ya sayansi: hesabu, sayansi ya viumbe na dunia, halafu fizikia pamoja na teknolojia na TIC. Mageuzi hayo yalibebwa na mradi wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200, uliokubaliwa mwaka 2015 kwa ajili ya sekondari na vyuo vikuu. Programu ilifika Ndosho, kompyuta haikufika. Nilipouliza chaki imenunuliwa na nani, jibu lilikuwa fupi: wazazi. Na ubao? Wazazi. Na mbao za ukuta? Wazazi vilevile.

Basi nikaona heri turudi nyuma kidogo. Kuna watu wanasema wazazi walianza kulipa juzi, kwa sababu ya vita. Wengine wanasema gratwite ya mwaka 2019 ilimaliza jambo hilo. Historia inaonyesha kitu kingine.

Tuanze mwaka 1906. Nchi ilikuwa bado mali ya mfalme Leopold II. Tarehe 26 Mei mwaka huo alifanya mapatano na Papa wa Roma. Kila misheni ya Kikatoliki ingepewa shamba la hekta 100, pengine hadi 200, bila malipo, nayo ingefungua shule kwa wenyeji. Programu ya shule ilipaswa kukubaliwa na Gavana Mkuu: kilimo, kazi za mikono, na lugha za Ubelgiji. Angalia namna ya kulipa. Misheni ililipwa kwa udongo. Nao udongo huo ulikuwa wa nani mbele ya kupimwa hekta? Wa babu za watoto wale wale walioketi darasani. Ukipenda kuhesabu vizuri, malipo ya kwanza ya shule nchini Kongo yalitoka kwa wazazi, hata kama hakuna aliyewaandikia risiti.

Baadaye wakoloni wa Kibelgiji walianza kutoa feza kweli. Mpango wa mwaka 1929 uliweka ruzuku kwa shule za misheni zilizoitwa za kitaifa, yaani za Wabelgiji, na hao karibu wote walikuwa Wakatoliki. Waprotestanti hawakupewa hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Familia nyingi hapa Ndosho ni za CBCA na CEPAC, basi wazee wao wanajua maana yake: mtoto wa Mprotestanti na mtoto wa Mkatoliki walisoma a-e-i-o-u ile ile, lakini mmoja alilipiwa ubao na mwingine hakulipiwa. Feza ilifuata misheni, haikumfuata mtoto. Tafadhali mkumbuke hilo.

Ugomvi wa Buisseret, waziri wa makoloni aliyefungua shule za Serikali zisizo za dini tangu 1954, naupita haraka. Ulikuwa ugomvi wa Wabelgiji zaidi kuliko wetu.

Baada ya uhuru, mwisho wa mwaka 1974, Mobutu alinyang'anya Makanisa shule zote. Haikudumu. Tarehe 26 Februari 1977 Serikali yake ilitia sahihi mkataba na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Waislamu nao wakaingia baadaye. Ndipo tulipopata zile tunazoita mpaka leo shule za konvansio. Kwenye karatasi kazi iligawanywa vizuri: Kanisa lisimamie, Serikali itoe programu, ilipe walimu na vifaa. Lakini mkataba ulikuta mfuko unaanza kutoboka. Miaka ya 1980 bei ya shaba ilikuwa imeanguka, deni limepanda, na sehemu ya elimu katika bajeti ikazidi kuwa ndogo. Mshahara wa mwalimu ukaliwa na kupanda kwa bei kabla haujafika mfukoni mwake.

Hapo kwenye mwanzo wa miaka ya 1990 ndipo nataka tukae, kwa sababu ndipo tulipofungwa fundo ambalo hatujalifungua.

Walimu waligoma. Shule zilifungwa muda mrefu, watu wakazungumza juu ya mwaka mweupe, mwaka usiohesabiwa. Maaskofu Wakatoliki na chama cha wazazi wakakubaliana kwamba wazazi wachangie mshahara wa mwalimu, kwa muda, hadi Serikali ipate nguvu tena. Ndiyo primi, wengine wanaiita motivasio. "Kwa muda" hiyo ilipita miaka ishirini na mitano.

Primi iliokoa shule, tusiwe watu wa kusahau. Bila hiyo, wengi wetu tusingejua kusoma. Lakini ilileta desturi yake. Feza haikubaki shuleni. Direktere alikata sehemu akapeleka kwa ofisi inayosimamia shule, ofisi ikapeleka juu kwa jimbo, na nyingine ikafika Kinshasa. Juu ya primi kulikuwa na minervali, na asiransi, na karati ya mwanafunzi, na feza ya mitihani. Kila ofisi iliyoachwa bila bajeti ilijifunza kuishi kwa mfuko wa mama anayeuza mboga. Nchi za wenzetu feza ya elimu hushuka kutoka wizarani kwenda darasani. Kwetu ilipanda.

Nani hapa hakumbuki asubuhi ya listi? Direktere anaingia na karatasi, darasa linanyamaza, anasoma majina. Ukitajwa, unachukua begi na kwenda nyumbani. Mimi nilitajwa, zaidi ya mara moja. Kuna mwaka nilikaa siku nyingi nje ya dirisha nikinakili somo kutoka kwenye ubao ambao, nikifikiri leo, baba yangu alikuwa ameulipia mwaka uliotangulia.

Na hiyo ilikuwa kabla ya kuhesabu misiba ya Goma yenyewe. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia kwa mamia ya maelfu, mji mzima ukawa kambi. Tangu 1998 mpaka 2003 mji ulitawaliwa na RCD, nchi imekatwa vipande, lakini primi haikukatwa hata siku moja; mpaka wa vita haukuizuia. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo iliteremsha moto hadi ziwani, ikala katikati ya mji na shule zilizokuwa humo. Watu wengi walisogea upande huu wa Ndosho na Mugunga. Kartie ikajaa kabla ya kupangwa. Walijenga juu ya mawe, na shule nyingi zilianza hivyo hivyo: wazazi kadhaa, mbao, mabati, mchungaji au padri wa kuandika barua, halafu kungoja Serikali iitambue shule na kuwaweka walimu wake kwenye listi ya mishahara. Wasiowekwa tunawaita NU. Wanafundisha kama wenzao, ila mshahara wao ni wazazi peke yao.

Sheria ilikuwa wazi wakati huo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni ya bure. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ikarudia neno hilo. Ilichukua mpaka Septemba 2019 ndipo Rais Tshisekedi akasema lianze kutendeka.

Septemba ile watoto waliingia kama maji. Mabinti waliokuwa wanauza karanga barabarani wakavaa bluu na nyeupe. Nasema wazi kwamba jambo hilo lilikuwa jema, na asiyelikubali hajawahi kutajwa kwenye listi ya asubuhi. Juni 2020 Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 800 za kusaidia mpango huo. Lakini gratwite iligusa kwanza mshahara wa mwalimu na kuondoa primi. Mjini Goma, ambako wazazi walikuwa wakilipa primi kubwa kuliko vijijini, walimu wengi waliona mapato yao yanashuka siku ile ile darasa lao linajaa mara mbili. Migomo ikaanza tena. Oktoba 2021, kule Kinshasa, wanafunzi wenyewe waliandamana mpaka bungeni kudai walimu wao. Na Ukaguzi Mkuu wa Feza, IGF, ulipofungua listi ya mishahara mwaka 2020, ulikuta majina ya walimu wasiokuwepo. Hebu fikiri: NU wa Ndosho yupo na hana jina kwenye listi, na jina lipo kwenye listi bila mtu.

Katikati ya hayo kulikuwa na Korona. Machi 2020 shule zilifungwa nchi nzima, na masomo yakapita kwa redio. Radio Okapi ilikuwa na kipindi chake, Okapi École. Kwa maoni yangu hicho ndicho chombo pekee cha teknolojia ya masomo kilichowahi kuingia nyumba nyingi za Ndosho. Hakikuhitaji intaneti wala umeme wa mstari. Kilihitaji mawe ya redio, yaani betri. Nani alinunua betri? Mnajua jibu.

Sasa turudi kwa mtoto wa darasa la saba na kidole chake cheupe. Sheria ya 2014 inahesabu elimu ya chini kuwa miaka minane. Kwa vitendo, bure inasimama mlangoni mwa darasa la sita. Darasa la saba na la nane ndipo programu mpya ya sayansi inapoanza, yenye kompyuta, yenye vyombo vya kupimia, yenye vitabu vya bei. Kwa hiyo pale Serikali inapodai vyombo vingi zaidi ndipo inapomwachia mzazi mzigo tena. Sidhani aliyeandika programu alikaa meza moja na aliyeandika bajeti.

Na kwenu ndugu mliohama, jambo ni gumu zaidi. Mshahara unafuata jina la mwalimu mahali alipoandikwa. Feza kidogo ya kuendesha shule inafuata shule yenye namba. Hakuna feza inayomfuata mtoto, kama vile zamani ilivyofuata misheni. Mtoto akikimbia Masisi usiku, nafasi yake inabaki Masisi kwenye karatasi, na shule ya Ndosho inayompokea inabaki na chaki ile ile, ubao ule ule, na kichwa kimoja zaidi. Tulianza kuliona hilo wakati M23 waliporudi kupigana Rutshuru mwisho wa mwaka 2021, tukaliona zaidi Masisi ilipotoka. Mwisho wa Januari 2025, M23 walipouchukua mji, benki zilifunga milango. Tangu mwaka 2011 Serikali ilikuwa imeanza kuwalipa walimu kwa benki. Sasa watu walitafuta feza yao kwa simu, kwa mawakala wanaokata asilimia, wengine wakivuka mpaka kwenda Gisenyi. Kambi za Lushagala na Bulengo zilibomolewa mwezi wa Februari, na watoto wakahama mara ya pili au ya tatu, wakaanza tena kwenye shule isiyowajua.

Jumamosi iliyopita nilikaa katika mkutano wa kamati ya wazazi wa shule ile ya ubao. Ajenda ilikuwa mbao mbili mpya, chaki, na karatasi za mitihani. Mama mmoja aliyetoka upande wa Sake aliinua mkono, akauliza kama mtoto wake ameandikwa kwenye daftari la shule, kwa kuwa anaombwa mchango kama wengine wote. Mwandishi alifunua kurasa. Jina lilikuwepo, mwishoni, kwa penseli.

Mama akauliza kwa nini penseli. Mwandishi akasema wahami wote wameandikwa kwa penseli, hawajui watakaa mpaka lini. Wazazi wakanong'ona. Papa mmoja mzee akasema mchango wa mama huyo haukuandikwa kwa penseli, basi na jina lisiandikwe hivyo. Waliamua daftari liandikwe upya, wahami ndani ya hesabu, na nakala ipelekwe kwa ofisi inayosimamia shule. Mkutano mwingine ni mwisho wa mwezi. Nitakwenda kulitazama daftari hilo, na nitawaambia nilichokikuta.