Seli shina za kiinitete: Kwa nini jeni za baba na za mama hazifanyi kazi sawa?

Seli ya ini na seli ya ubongo wa mtu mmoja hubeba vinasaba vilevile. Zote mbili zilitokana na yai moja lililorutubishwa, na katika kila moja mna takriban jeni 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini za mwili. Hata hivyo seli ya ubongo haitoi nyongo, wala ya ini haipitishi ujumbe wa neva. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zimeruhusiwa kufanya kazi na zipi zimenyamazishwa. Taaluma inayochunguza utaratibu huo huitwa epijenetiki, jina lililobuniwa mwaka 1942 na mwanabiolojia wa Uingereza Conrad Waddington. Sehemu yake ya kwanza, epi, ni ya Kigiriki na maana yake ni "juu ya".

Msomaji aliyepitia chuoni na kusoma hati ya Kiarabu hatapata taabu kuielewa picha hii. Herufi zimeandikwa na hazibadiliki. Irabu zinazowekwa juu na chini yake ndizo zinazomwelekeza msomaji atamke nini, na sukuni humwambia wapi atulie. Ndani ya seli, "irabu" hizo ni alama ndogo za kikemikali. Baadhi, ziitwazo methili, hubandikwa kwenye uzi wenyewe wa vinasaba, na mara nyingi huinyamazisha jeni iliyo karibu. Nyingine hubandikwa kwenye histoni, yaani protini ambazo uzi huo huzungushwa juu yake kama uzi wa kushonea unavyozungushwa kwenye kijiti. Bila kuzungushwa hivyo, uzi wa vinasaba wenye urefu wa karibu mita mbili usingeenea ndani ya kiini cha seli. Palipokazwa sana, jeni haisomeki. Palipolegezwa, husomeka.

Mahali ambapo alama hizi zina kazi ya kustaajabisha zaidi ni katika seli shina za kiinitete. Hizi hutolewa katika kiinitete cha siku chache tu, kabla hakijajipandikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, na zina uwezo wa kugeuka kuwa tishu yoyote ya mwili: moyo, ngozi, damu, mfupa. Zilipatikana kwa mara ya kwanza kutoka kwa panya mwaka 1981, na Martin Evans na Matthew Kaufman katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka huohuo na Gail Martin huko San Francisco. Zile za binadamu zilifuata mwaka 1998, katika maabara ya James Thomson kwenye Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani.

Swali lililowasumbua wataalamu ni hili: seli ambayo haijawa kitu chochote, lakini inaweza kuwa kila kitu, huziwekaje jeni zake? Ikizifungulia zote kwa pamoja, itavurugika. Ikizifunga kabisa, haitaweza kugeuka wakati utakapofika. Jibu moja lilitolewa mwaka 2006 na kikundi cha Bradley Bernstein nchini Marekani. Walionyesha kwamba jeni nyingi zinazoongoza ukuaji wa viungo, zikiwa katika seli hizo, hubeba alama mbili zinazopingana mahali pamoja: moja ya kuruhusu, nyingine ya kuzuia. Jeni hizo zimenyamaza, ila ziko tayari. Seli inapopokea amri ya kuwa, tuseme, neva, alama moja huondolewa na nyingine hubaki.

Alama ya kuzuia huwekwa na kundi la protini liitwalo Polycomb, ambalo lilianza kujulikana katika utafiti wa nzi wa matunda. Seli shina za panya zilizonyang'anywa sehemu muhimu za kundi hilo hazifi. Huendelea kuishi na kugawanyika maabara, lakini zinapotakiwa kugeuka kuwa tishu maalumu, hushindwa kufanya hivyo ipasavyo. Upande wa pili zipo protini zinazoilinda hali ya uchanga yenyewe. Mojawapo iliitwa Nanog mwaka 2003, kutokana na nchi ya ujana wa milele katika hekaya za Waselti. Si mara nyingi mtafsiri wa habari za sayansi hukutana na jina lenye hadithi ndani yake.

Ziko pia alama ambazo seli hizi haziruhusiwi kuzichezea, na hapa simulizi inapitia Afrika Mashariki. Azim Surani, aliyezaliwa Kisumu, Kenya, mwaka 1945, alisomea shahada ya uzamivu Cambridge chini ya Robert Edwards, ambaye baadaye alitunukiwa Nobel kwa kazi ya urutubishaji wa mayai nje ya mwili. Mwaka 1984 Surani na wenzake walichukua mayai ya panya yaliyokwisha kurutubishwa, wakati kiini cha baba na kiini cha mama bado havijaungana, wakabadilisha kimoja. Baadhi ya mayai yakawa na viini viwili vya mama, mengine viwili vya baba. Idadi ya kromosomu ilikuwa kamili, hakuna jeni iliyopungua. Hakuna hata kimoja cha viinitete hivyo kilichofika kuzaliwa. Vile vya mama tupu vilianza kuumbika, lakini tishu za kondo la nyuma zilikuwa hafifu. Vya baba tupu vilikuwa kinyume chake: tishu za kondo zilistawi, kiinitete chenyewe kikadumaa. James McGrath na Davor Solter, waliokuwa Philadelphia, walifikia matokeo kama hayo mwaka huohuo.

Maana yake ilikuwa wazi. Baadhi ya jeni hupigwa chapa katika yai au katika mbegu ya kiume, na chapa hiyo huamua kama nakala ya mama ndiyo itakayofanya kazi au ya baba. Leo zinafahamika jeni za namna hiyo zaidi ya 100. Kizuizi hicho ni chapa tu, si vinasaba vyenyewe, na ushahidi ulikuja Japani mwaka 2004: kikundi cha Tomohiro Kono kilimpata panya mwenye mama wawili na asiye na baba, Kaguya, kwa kutumia mayai machanga ambayo bado hayajapigwa chapa ya mama, pamoja na kuondoa kipande kimoja cha vinasaba kinachosimamia jeni ya ukuaji. Kaguya alikua na akazaa.

Kwa binadamu, chapa hizi zina uzito ambao wazazi wanapaswa kuufahamu. Kipande kilekile cha kromosomu ya 15 kikikosekana kwenye nakala ya baba, mtoto hupata ugonjwa wa Prader-Willi: huzaliwa akiwa mlegevu na mgumu wa kunyonya, kisha baada ya miaka michache hushikwa na njaa isiyoshiba. Kikikosekana kwenye nakala ya mama, ugonjwa ni mwingine kabisa, wa Angelman: mtoto huchelewa sana kukua kiakili, hasemi au husema maneno machache mno, hupata kifafa, naye huwa mwepesi wa kucheka. Katika jamii zetu mtoto akizaliwa hivyo lawama humwangukia mama kabla hata daktari hajasema neno. Ukweli ni kwamba mara nyingi kipande hicho hupotea kwa bahati mbaya wakati yai au mbegu inapoundwa, na hakuna alichokula, alichofanya au alichoficha mzazi yeyote kilichosababisha.

Kwa sababu hiyo, watafiti wanaotarajia kutibu kwa seli shina huzikagua alama hizi kwa makini. Imeonekana kwamba seli zikikuzwa maabara katika hali fulani, hasa zile zinazozirudisha kwenye uchanga wa mwanzo kabisa, chapa za wazazi hufutika na hazirudi zenyewe. Seli ya aina hiyo inaweza kuonekana nzima chini ya hadubini, hali jeni zake za ukuaji zimekosa usimamizi. Anayeahidiwa tiba ya "seli shina" kwa kila maradhi, katika kliniki isiyoweza kueleza seli hizo zimetoka wapi na zimekaguliwaje, ana haki ya kuuliza, na kuondoka asipojibiwa.

Mwilini ni mahali pamoja tu ambapo chapa hizo hufutwa kwa utaratibu: katika seli chache za kiinitete zitakazokuja kuwa mayai au mbegu za kiume. Humo chapa za wazazi wote wawili huondolewa, kisha huandikwa upya kulingana na jinsia ya mtoto huyo. Mwishoni mwa mwaka 2014, Surani na Jacob Hanna wa Israel walitangaza kwamba wamezigeuza seli shina za binadamu kuwa seli zinazofanana na hizo za mwanzo kabisa za uzazi, nazo zikaanza kufuta alama zake.