Fremu ya kunyanyulia uzito

Fremu ya kunyanyulia uzito (katika kumbi nyingi za mazoezi huitwa raki tu) ni kifaa cha mazoezi chenye nguzo nne za chuma zilizounganishwa kwa mihimili ya juu na ya chini. Mnyanyuaji husimama au hulala ndani yake. Nguzo zina matundu yaliyopangwa kwa nafasi sawa kutoka chini hadi juu, na katika matundu hayo huchomekwa kulabu za kuegeshea nondo pamoja na vyuma viwili vya usalama vinavyopita kutoka nguzo za mbele hadi za nyuma. Mnyanyuaji akishindwa, nondo huangukia vyuma hivyo badala ya kumwangukia yeye.

Katika makala hii "nondo" ni chuma kirefu cha mviringo kinachobeba sahani za uzito kwenye ncha zake, si nondo za ujenzi.

Fremu hutofautiana na stendi ya nguzo mbili, ambayo hushika nondo kabla na baada ya zoezi lakini mara nyingi haina cha kuipokea ikianguka. Kati ya hizo mbili ipo nusu-fremu, yenye nguzo mbili za kazi na mikono mifupi inayotokeza mbele.

Historia

Bob Peoples, mkulima wa jimbo la Tennessee nchini Marekani, anatajwa miongoni mwa watu wa kwanza waliojitengenezea fremu ya namna hii nyumbani, akitumia nguzo za mbao. Mwaka 1949 aliinua kutoka sakafuni uzito uliozidi kilo 320. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya York Barbell ya Bob Hoffman iliuza fremu kwa ajili ya mazoezi ya kusukuma nondo isiyosogea. Matangazo yalisifu matokeo makubwa. Baadaye ilifahamika kwamba baadhi ya wanyanyuaji waliotolewa mfano walikuwa wakitumia pia dawa za steroidi. Mtindo wa kusukuma nondo isiyosogea ulififia, lakini fremu ilibaki kwa kuwa ilifaa kwa mazoezi ya kawaida. Mchezo wa kunyanyua kwa nguvu ulipopata shirikisho lake la kimataifa, IPF, mwaka 1972, fremu ilikuwa tayari ni chombo cha kawaida cha mazoezi yake.

Matumizi katika ukumbi wa biashara

Kwa mwenye ukumbi mdogo, fremu moja hufanya kazi ya mashine kadhaa. Ndani yake watu huchuchumaa wakiwa na nondo mabegani, husukuma nondo kutoka kifuani wakilala kwenye benchi, huisukuma juu ya kichwa, na hujivuta kwa mhimili wa juu. Haina injini, nyaya wala mkanda, hivyo umeme ukikatika kazi inaendelea. Sababu hii ina uzito katika miji midogo kama Vwawa na Tunduma, au katika kata kama Hasamba ya Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, ambako mashine ya kukimbilia ikiharibika fundi wake na vipuri vyake huweza kuwa mbali sana. Fremu ikivunjika hutengenezwa na fundi yuleyule anayechomelea mageti.

Hatari inayozuiwa na fremu si ya kubuni. Mtu anayesukuma nondo kifuani peke yake na kushindwa anaweza kubanwa kifua au shingo asiweze kupumua. Mwezi Julai 2023 mkufunzi wa mazoezi Justyn Vicky wa Indonesia, mwenye umri wa miaka 33, alifariki huko Bali baada ya nondo ya takriban kilo 210 kumwangukia nyuma ya shingo alipokuwa akichuchumaa nayo. Msaidizi alikuwepo nyuma yake lakini hakuweza kuizuia. Mtu mmoja hawezi kudaka kilo 200 zinazoanguka. Chuma kilichowekwa mahali pake kinaweza.

Vipimo

Kipimo kinachotangulia vyote ni cha nondo yenyewe. Nondo ya wanaume ya mashindano ya Olimpiki ina uzito wa kilo 20, urefu wa sentimita 220, na sentimita 131 kati ya vikomo vya ndani vya ncha mbili zinazobeba sahani. Ya wanawake ina kilo 15 na sentimita 201, lakini nafasi ya katikati ni ileile ya sentimita 131. Kwa hiyo upana wa nje wa fremu lazima uwe chini ya sentimita 131, la sivyo ncha nene za nondo zitagonga nguzo na nondo haitaegama. Upana wa nje wa sentimita 122 hadi 126 ndio unaofaa. Kosa linalotokea mara kwa mara kwa fremu za kutengenezwa mtaani ni hili: fundi huambiwa "mita moja na ishirini", naye huipima ndani ya nguzo. Ukiongeza nguzo mbili za sentimita 7.5, upana wa nje unafika sentimita 135, na kazi yote imeharibika. Ukumbi wenye nondo fupi zisizo za vipimo vya Olimpiki hauna budi kupima za kwake kwanza.

Kimo cha fremu huwa kati ya sentimita 200 na 230. Dari nayo ipimwe: mtu mrefu akisukuma nondo juu ya kichwa hufika zaidi ya mita 2.2, na sahani kubwa yenye kipenyo cha sentimita 45 huongeza sentimita 22 na nusu juu ya nondo. Chumba chenye dari chini ya mita 2.7 kitaleta ugomvi na bodi za jipsamu. Kwa upande, nondo ya mita 2.2 pamoja na nafasi ya mtu kupachika sahani kila ncha huhitaji kama mita 4 za sakafu.

Chuma na unene wake

Nguzo hutengenezwa kwa mabomba ya mraba. Fremu za nyumbani zina mabomba ya milimita 50 kwa 50 yenye ukuta wa milimita 1.5 au 2. Za biashara huwa za milimita 60 au 75 kwa kila upande na ukuta wa milimita 3. Mita moja ya bomba la 50 kwa 50 lenye ukuta wa milimita 2 ina uzito wa karibu kilo 3, na ya 75 kwa 75 lenye ukuta wa milimita 3 karibu kilo 6.7. Muuzaji akidai fremu yake ni "ya milimita 3", mizani au kipimo cha unene kwenye tundu hutoa jibu haraka kuliko maneno yake.

Sehemu inayostahili kuangaliwa zaidi ni vyuma vya usalama, na hapa fizikia ya sekondari inasaidia. Nondo ya kilo 150 ikianguka sentimita 50 kisha ikasimamishwa ndani ya sentimita 2, nguvu ya wastani kwenye vyuma ni mara 26 ya uzito wake (50 na 2, gawanya kwa 2), yaani sawa na kuweka juu yake karibu tani 4 kwa kitambo kidogo. Vyuma vikiwekwa sentimita 5 tu chini ya sehemu ya mwisho anayofika mnyanyuaji, nguvu hiyo inakuwa mara 3.5, karibu kilo 525. Nondo halisi hupinda kidogo na kupunguza mshtuko, lakini tofauti ya kimo inabaki kubwa. Namba ya "uwezo" iliyobandikwa kwenye fremu mara nyingi ni ya uzito uliotulia, si unaoanguka.

Umbo la chuma lina maana kuliko wengi wanavyodhani. Fimbo ngumu ya duara ya milimita 25 huonekana imara kwa kuwa ni nzito mkononi. Hata hivyo bomba la mraba la milimita 60 lenye ukuta wa milimita 3 huhimili kupindwa takriban mara 8 ya fimbo hiyo, ilhali uzito wake kwa mita hauzidi mara moja na nusu. Kwa urefu wa mita moja na zaidi, fimbo peke yake inafaa ukumbi wenye uzani mdogo. Ukumbi wa biashara utumie bomba. Nondo za ujenzi hazifai kabisa kwa kazi hii, kwani zina mikunjo inayokwaruza na kuharibu nondo ya mazoezi.

Matundu ya nguzo huwa na kipenyo cha milimita 16 au 25, na huachana kwa milimita 50. Baadhi ya fremu zina matundu ya karibu zaidi, kila milimita 25, katika eneo la benchi, na hilo ni jambo jema: sentimita mbili zinaweza kuamua kama chuma cha usalama kitakuwa chini ya kifua kilichojaa hewa na juu ya shingo. Tundu la milimita 25 kwenye bomba la milimita 50 hula nusu ya uso wake, kwa hiyo mabomba membamba yabaki na matundu ya milimita 16.

Kununua iliyotoka nje

Fremu nyingi zilizo tayari hutoka China. Bei ya kiwandani ni sehemu tu ya gharama: kuna usafiri wa meli, ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kodi ya ongezeko la thamani ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, kisha lori kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Kifaa chenye kilo 100 hadi 200 huhisi kila hatua ya safari hiyo. Wapo wanaotazama upande wa Nakonde, Zambia, hasa tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe mwaka 2019. Tanzania na Zambia zote ni wanachama wa SADC, lakini nafuu ya ushuru hufuata mahali bidhaa ilipotengenezwa. Fremu ya China haigeuki kuwa ya Zambia kwa kupita Nakonde.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize daraja la matumizi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 20957 kinatenganisha vifaa vya daraja S, vya kumbi za kitaalamu na za biashara, na daraja H, vya nyumbani. Kuna watengenezaji ambao dhamana yao hukoma mara fremu ya nyumbani inapowekwa ukumbini. Aulize pia kama vipimo ni vya inchi au milimita: bomba la inchi 3 lina milimita 76.2, na kulabu iliyotengenezwa kwa milimita 75 huenda isiingie.

Fremu iliyokwishatumika ni nafuu halali ikiwa imekaguliwa. Uzi ukivutwa kutoka juu hadi chini ya nguzo huonyesha kama imepinda. Nyufa hutafutwa kwenye maungio ya chini, na matundu yaliyotanuka huwa ni yale ya kimo cha begani, yanayotumika kila siku. Fremu iliyopoteza kulabu zake ihesabiwe kuwa na bei ya kulabu mpya ndani yake.

Kuchomelewa na fundi

Hii ndiyo njia inayowafaa wenye mitaji midogo, nayo haina aibu yoyote. Wilaya ya Mbozi, yenye kimondo cha chuma cha tani zipatazo 16 huko Ndolezi, haijakosa watu wanaojua chuma. Mlowo, Vwawa na Tunduma kuna karakana za kuchomelea, na wapo mafundi waliosomea VETA.

Mabomba huuzwa kwa urefu wa mita 6, na mabomba matatu yanatosha fremu nzima. Mawili ya kwanza hutoa kila moja nguzo mbili za mita 2.2 na kipande cha mita 1.1. La tatu hutoa vipande vitano vya mita 1.1. Jumla ni nguzo 4 na mihimili 7: minne ya pembeni, miwili ya juu mbele na nyuma, na mmoja wa chini nyuma. Kwa mabomba ya milimita 75, mihimili ya mita 1.1 inaleta upana wa nje wa sentimita 125, ndani ya kipimo. Vyuma vya usalama na kulabu huhitaji chuma cha ziada.

Kazi ngumu ni matundu. Kutoka kimo cha sentimita 30 hadi 180, kwa kila milimita 50, ni matundu 31 kwa nguzo moja na 124 kwa zote, kila moja likipenya kuta mbili. Fundi akipima kila nguzo peke yake, nondo italala upande. Dawa yake ni kutengeneza kipande kimoja cha kielelezo chenye matundu sahihi, kukibana kwenye kila nguzo na kutoboa kwa kukifuata, tena kabla ya kuchomelea. Bomba lililopakwa zinki lisichomelewe bila kukwangua mipako na bila hewa ya kutosha, maana moshi wake humletea fundi homa.

Fremu ipakwe rangi ya kuzuia kutu kwanza, hasa chini ya nyayo, ambapo maji ya kudekia hutuama. Kabla ya wateja kuitumia, vyuma vya usalama viwekewe uzito unaozidi ule wa mteja mwenye nguvu kuliko wote, na uachwe usiku kucha. Asubuhi vipimwe kwa uzi. Chochote kilichopinda kibadilishwe, kisinyooshwe.

Usimikaji na ukaguzi

Fremu nyepesi hupinduka mtu anapojivuta kwa kuyumba au anaporudisha nondo kwa kishindo. Hufungwa kwenye sakafu ya zege kwa bolti za kutanua. Kwenye sakafu ya saruji nyembamba juu ya udongo bolti hung'oka, hivyo hapo humwagwa zege jipya chini ya kila nguzo. Kulabu huvikwa plastiki ngumu ili zisile nondo.

Ukumbi wa kulipia ulioajiri watu ni mahali pa kazi chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na mwenye ukumbi anawajibika kwa vifaa vyake. Bolti hukazwa kila wiki katika miezi ya kwanza, kwa kuwa mtikisiko huzilegeza, kisha kila mwezi. Vyuma vya usalama vibaki ndani ya fremu wakati wote. Vikiwekwa kando ya ukuta, mteja wa saa kumi na mbili alfajiri, aliyeko peke yake, hatahangaika kuvifuata.