Kucha Zisizotajwa: Taswira ya Ndege Mbuai na Lugha ya Ardhi katika Delta ya Tana

Kiswahili kina majina mengi ya ndege mbuai: mwewe, kipanga, kozi, tai, pungu, furukombe. Hata hivyo, methali mashuhuri zinazowahusu hazizitaji kucha zao. Katika "Dua la kuku halimpati mwewe", silaha ya mwewe haionekani. Kinachosikika ni kilio cha kuku. Katika "Kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda", kucha zizo hizo zimekuwa uwezo: kozi akilala na njaa, amependa mwenyewe. Methali ya kwanza yatazama kutoka ardhini, ya pili kutoka angani. Al-Inkishafi, utenzi wa Pate wa mwanzoni mwa karne ya 19, nao wawaweka makinda wa pungu katika kuta za magofu wakiwa ishara ya maangamizi, si wawindaji.

Ukucha usiotajwa umehifadhiwa katika kitenzi "kunyakua", kinachomfaa mwewe ashukaye ghafla, akakamata na kupaa. Kitenzi hicho ndicho kilichozaa "unyakuzi wa ardhi", istilahi iliyoenea katika siasa za Kenya miaka ya 1990. Mwaka 2003 Tume ya Ndung'u iliundwa kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, na mwaka 2004 ikatoa ripoti yake. Nguvu ya sitiari hii ni kuwa hulaumu bila kusita. Udhaifu wake ni kuwa ardhi haipaishwi: hubaki pale pale, ikabadilishwa mwenyewe katika hati, kwa subira ya karani.

Udhaifu huo wadhihirika Garsen na katika delta ya Tana. Hapo furukombe huvua, nyayo zake zenye vimiiba zikimzuia samaki asiponyoke. Hapo pia Wapokomo hulima kandokando ya mto, na Waorma huuendea wakati wa kiangazi kunywesha mifugo. Mapigano ya mwaka 2012 hadi mwanzoni mwa 2013 yaliua watu zaidi ya 100. Katika mgogoro wa namna hiyo, amwitaye jirani yake mwewe hujifanya kuku, na baina ya kuku na mwewe hakuna mapatano. Kwa hiyo mhakiki akutanapo na "kunyakua" katika riwaya au gazeti, yampasa kuuliza ni matendo gani ya polepole, na mahitaji gani ya pamoja, ambayo taswira hiyo imeyafunika.